Kadi Tatu za Mkono Mmoja

Kufikia saa nne asubuhi, ukumbi wa chini wa hospitali ile ulikuwa hauna pa kuweka mguu. Wagonjwa wa kliniki, wauguzi waliochelewa zamu, ndugu waliokumbatia chupa za chai, wote walisukumana mbele ya lifti moja, maana ya pili, iliyokuwa mpya kabisa, ilikuwa bado imezungushiwa utepe. Pembeni ya foleni alisimama mwanamke akisoma tangazo la kunawa mikono. Alikuwa ameshalisoma mara nne. Gauni lake la zambarau lilimkaa barabara, kazi ya mikono ya mama yake mzazi. Viatu vilikuwa vya visigino virefu. Na begani alining'iniza mkoba mzito wenye kadi za rangi, kalamu nene na saa ndogo ya jikoni, ile ya kutega ikalia. Alitakiwa ghorofa ya saba baada ya nusu saa, na alikuwa anaogopa kupanda lifti.

Tusimcheke. Wapo wanaoogopa mende na wamezaa na kulea. Yeye aliogopa kila kinachomtoa mtu ardhini: lifti, roshani, ngazi za mafundi, hata kiti cha plastiki mtu akikipanda kubadilisha balbu. Mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, anayealikwa na maofisi kuwafundisha wakubwa namna ya kuendesha vikao, akimwona mchoraji wa mabango juu ya ngazi alivuka barabara huku kijasho chembamba kikimtoka.

Mlango wa lifti ukafunguka, na foleni ikasahau adabu. Alisukumwa kabla hajapata nafasi ya kukataa. Kisigino kikagonga ukingo wa sakafu ya lifti, uliokuwa umesimama juu kuliko sakafu ya ukumbi, akaenda chini kwa magoti. Kadi zikatawanyika kati ya miguu ya watu.

"Pole, dada. Umeumia?"

"Sijaumia. Kadi zangu!"

Aliyeuliza alikuwa amekwisha kupiga magoti akiziokota. Alivaa ovaroli ya buluu iliyofuliwa mpaka magotini ikawa nyeupe, na mfukoni kifuani, mahali wenzake huweka kalamu, alichomeka bisibisi. Alinukia grisi na sabuni. Alipomaliza kuokota, hakuinuka. Aliweka kiganja chake pale sakafu mbili zilipokutana.

"Vidole vitatu," alisema, kama daktari anayesoma homa. "Jana vilikuwa viwili. Lifti hii inazeeka kunishinda mimi."

"Na watu wanaendelea kuipanda?"

"Hii haiangushi mtu, inakwaza tu. Nikushikie mlango?"

"Asante. Mimi napenda mazoezi."

Fundi akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye visigino. "Kwa viatu hivyo?"

"Ndiyo mazoezi yenyewe."

Akampa kisogo haraka, akazishika ngazi. Kufikia ghorofa ya nne alikuwa amevua viatu.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu na watu kumi na mmoja wa idara ya majengo ya hospitali. Kwenye kichwa cha meza alikaa Bosi wao, mwenye tai ya mistari na saa kubwa ya mkononi. Karibu na mlango, akijaribu kuficha meno, alikaa yule fundi. Vikao vyao, aliambiwa alipoalikwa, vilichukua saa tatu: Bosi alizungumza saa mbili na nusu, nusu saa iliyobaki wenzake walitikisa vichwa.

"Kuanzia leo," mgeni alisema, "Bosi anazungumza mwisho."

Mtu mmoja akapaliwa na chai. Bosi mwenyewe alicheka, akidhani ni utani, kisha akaona hakuna aliyecheka naye.

Aliwapa utaratibu. Kwanza ukweli mtupu: tunajua nini, hatujui nini, bila maoni ya mtu. Kisha kila mmoja anaandika kwenye kadi, kimya kimya, bila jina, dakika tano kwa saa ya kutega. Kadi zinachanganywa na kusomwa kwa sauti. Mwisho zinageuzwa, na nyuma ya kila moja panaandikwa nini kifanyike na nani akifanye.

"Swali la leo ni hili. Leo si leo. Miezi sita imepita. Lifti namba mbili ilifunguliwa Ijumaa hii kama ilivyopangwa, na imeleta maafa. Yameshatokea. Andikeni yaliletwa na nini, kama mtu anayetoa habari."

Mzee mmoja mwenye mvi, msimamizi wa jenereta, ambaye kila mtu alimwita Mzee Jenereta, akaweka kalamu chini. "Mwanangu, huko ni kujitakia mabaya."

"Mzee wangu, ukimuuliza mtu kama kuna tatizo, atakujibu hakuna. Ukimwambia tatizo limeshatokea, atakwambia lilipoanzia." Akaongeza kwa sauti ya chini kidogo: "Na kadi tatu zikisema jambo moja, kazi inasimama. Hiyo ndiyo sheria yangu pekee."

Akatega saa. Kwa dakika tano palisikika kalamu tu. Ilipolia, alikusanya, akachanganya, akaanza kusoma. Kadi ya pili ilisema breki. Ya tano, breki. Ya sita iliandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka: BREKI ILIKUWA INACHELEWA KUSHIKA. TULIJUA. Zilifika nne.

Bosi alikuwa amelegeza tai. "Kwa nini hamkuniambia?"

Wote wakaitazama meza. Ikabidi mgeni ajibu. "Kwa sababu ulikuwa unazungumza, mheshimiwa."

Lifti namba mbili haikufunguliwa Ijumaa ile. Breki nyingine iliagizwa, na yeye akaombwa awe anakuja kila Alhamisi. Ungedhani angetoka pale anatamba. Alitoka akaenda kujifungia msalani, akashika sinki kwa mikono miwili.

Baba yake alikuwa mpaka rangi wa majengo. Kila jioni akimaliza kazi alipiga simu kwenye duka la jirani na kusema neno moja, "Nimeshuka," na mama aliposikia hivyo aliinjika chai. Asubuhi moja, kwenye kikao cha mafundi, msimamizi aliuliza kama kuna tatizo, na wote wakasema hakuna, pamoja na baba, ambaye tangu jana yake alikuwa amehisi jukwaa walilosimamia kupaka linacheza. Mchana simu ya dukani ikalia mapema. Haikuwa sauti yake. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, amevaa sare ya shule, na tangu siku hiyo hakuwahi kuamini neno "hakuna" likitoka kwenye midomo ya watu wengi kwa pamoja.

Alipotoka msalani, fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kwanza kushuka.

"Dakika Tano," alimwita. Jina likamganda hapo hapo. "Nimekuja kukusindikiza mazoezini."

"Huna kazi?"

"Kazi yangu ni kupandisha na kushusha watu. Leo nakushusha kwa miguu." Walishuka ghorofa moja nzima kabla hajaongeza: "Kadi ya herufi kubwa ilikuwa yangu. Nimelala na maneno yale miezi miwili. Asante."

Ndivyo yalivyoanza. Kila Alhamisi walipanda na kushuka ngazi zile pamoja, na kila siku nyingine simu ilifanya kazi ya ngazi.

"Dakika Tano, mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Uko wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi? Juu au chini?"

"Katikati."

"Fundi! Usinitanie. Unaning'inia?"

"Nimefungwa mikanda miwili, kipenzi, kama mtoto mgongoni. Mzee Jenereta ananitazama. Unataka kuongea naye?"

Alicheka, kwa kuwa fundi alijua kuchekesha, lakini simu ikikatika alibaki ameikumbatia. Alimpenda. Alipenda anavyopiga magoti kupima sakafu kila lifti ikisimama, anavyosema "ngoja kwanza" kabla ya kujibu swali gumu, anavyovaa shati jeupe siku za Jumapili na bado kucha zina alama ya grisi. Alimweleza habari za baba na ile simu ya dukani, na fundi alisikiliza bila kumkatiza. Na kadiri alivyompenda ndivyo hofu ilivyonenepa. Ving'ora vya magari ya wagonjwa vilimkatisha usemi katikati ya vikao vya watu.

Mwezi wa nane, kwenye kituo cha ngazi kati ya ghorofa ya nne na ya tano, mahali walipozoea kupumzika, fundi alisema ngoja kwanza ingawa hakuna aliyemuuliza kitu.

"Nataka kukuoa."

Dakika Tano akatazama chini, akaona shimo lote la ngazi likizunguka mpaka ukumbini.

"Nipe wiki moja," alisema.

"Wiki nzima? Breki tuliiamua kwa dakika tano."

"Fundi, tafadhali."

"Sawa, laazizi. Wiki." Alitabasamu, ila mkono wake kwenye chuma cha ngazi ulikuwa umekaza.

Jumamosi ile Dakika Tano alifanya jikoni kwake jambo ambalo hakuwahi kumshauri mtu alifanye peke yake. Alitega saa, akachukua kadi za njano, akajiuliza: mwaka umepita, sisi wawili hatupo tena pamoja, kilitokea nini? Akaandika kama anayetoa habari. Alichoka na woga wangu. Nilimkatalia, nikajuta. Nikawa namfokea kila akichelewa. Kisha kalamu ikaenda yenyewe. Alitoka asubuhi, hakurudi. Simu ililia, haikuwa sauti yake. Alianguka, na mimi nilijua ataanguka. Akazibandika sita zote kwenye mlango wa kabati, akazitazama. Alihitaji hewa. Aliacha saa ikiendelea kuhesabu, akachukua kikapu, akatoka kwenda sokoni kununua vitu ambavyo hakuvihitaji.

Alichosahau ni bomba. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja tangu Jumatano, na fundi, ambaye alikuwa na ufunguo, alikuwa ameahidi kulipitia Jumamosi.

Aliporudi, bomba lilikuwa kavu. Sakafu ilikuwa imepanguswa. Mezani palikuwa na ufunguo, na kando yake kadi ya saba, herufi kubwa zilizonyooka: KADI TATU ZINASEMA JAMBO MOJA. KAZI INASIMAMA. NI SHERIA YAKO, NA NI SHERIA NZURI.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Alipiga tena, na tena, na mara ya sita ukaja ujumbe: "Sijakasirika. Sitaki uishi ukingoja simu kama mama yako. Nisamehe."

Siku kumi na moja zilipita namna hiyo. Alhamisi ya katikati, kiti cha karibu na mlango kilikaliwa na mtu mwingine. Fundi alikuwa ameomba kubaki chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo, wakati wa vikao. Dakika Tano aliendesha kikao chote huku sikio lake liko darini. Kila kishindo kilichotoka juu kilimfanya apoteze alipofika. Hapo ndipo alipoona ubaya wa jambo lile: fundi alikuwa amemwacha ili asiogope, na hofu haikupungua hata chembe. Bado angeweza kuanguka. Tofauti ni kwamba sasa yeye angekuwa wa mwisho kuambiwa.

Siku ya kumi na moja, Jumatano, alimpigia mama yake. Mashine ya cherehani ilikuwa inakimbia upande wa pili.

"Mama, uliwahi kujuta kuolewa na baba?"

Cherehani ikasimama. "Swali gani hilo asubuhi yote hii?"

"Nijibu tu, mama."

"Najuta jambo moja. Usiku ule aliniambia jukwaa linacheza. Nilitaka kumwambia asiende. Nikaona nitamuudhi, nikanyamaza." Mama alivuta pumzi. "Kuolewa naye? Miaka kumi na minne alipiga ile simu, mwanangu. Wewe unaikumbuka iliyolia vibaya. Mimi nazikumbuka zilizolia vizuri. Nani huyo anayekuliza?"

"Fundi wa lifti."

"Lifti!" mama akashangaa. Kisha akacheka, kicheko chembamba cha mtu anayejifuta macho. "Umetafuta dunia nzima ukaenda kumwokota huyo. Mlete nimpime suruali."

Dakika Tano alizibandua kadi sita kutoka kwenye kabati, akazigeuza, akaandika. Kwa tatu za kwanza hakusita. Kwa tatu za mwisho kalamu haikutoka na neno. Akazitia zote kwenye mkoba.

Alhamisi alifika hospitali mapema, amevaa lile gauni la zambarau na viatu visivyo na kisigino. Utepe ulikuwa umeondolewa; lifti namba mbili ilikuwa na wiki tatu inabeba watu. Alisimama mbele yake huku miguu ikimwambia mguu niponye. Wawili waliingia naye, wakashukia ghorofa ya tatu. Akabaki peke yake na kioo kilichomwonyesha mwanamke aliyekodoa macho. Nne, tano, sita zikawaka na kuzimika.

Kisha taa zote zikazima, na lifti ikasimama kwa mshtuko uliompeleka ukutani.

Hakupiga kelele. Hakuwa na pumzi ya kupigia. Kitaa kidogo cha betri kiliwaka darini, chekundu, na kwenye mwanga wake akakiona kitufe chenye alama ya kengele. Alikibonyeza kwa vidole viwili kwa kuwa kimoja kilikuwa kinateleza kwa jasho.

Kipaza sauti kikakwaruza. "Chumba cha mashine hapa. Usiogope, ni umeme tu umekatika. Nani yuko ndani?"

Aliijua sauti hiyo.

"Ndugu, unanisikia? Mko wangapi?"

"Niko peke yangu," alisema. "Fundi, ni mimi."

Kitu kama spana kikaanguka sakafuni kule juu.

"Dakika Tano? Wewe? Ndani ya lifti?"

"Nakufa, Fundi."

"Hufi. Ngoja kwanza. Nisikilize. Umeme ukikatika breki inashika yenyewe. Haiachii mpaka mimi niiachie kwa mkono. Nimeifunga kwa mikono yangu hii. Hata ukiruka ruka humo, haisogei."

"Siruki!"

"Usiruke, ndiyo. Lifti hii bado haijaunganishwa na jenereta, kwa hiyo tutakusogeza kwa mkono hadi sakafu ya saba. Mzee Jenereta ananisaidia kuandaa. Dakika tano, kumi. Wewe zungumza nami tu."

Kutoka nyuma yake sauti ya mzee ilisikika: "Mwambie mkwe wangu asiguse mlango!"

Dakika Tano aliteleza mgongo ukutani mpaka akakaa chini. Akafikiri: nisiposema sasa nitakuwa kama wale wote waliosema hakuna.

"Ulisoma kadi zangu," alisema.

"Nilizisoma."

"Tatu zilisema utakufa."

"Tatu. Nilizihesabu mara mbili." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sheria ni sheria."

"Siku ile ya breki, kadi nne ziliandikwa na watu wangapi?"

"Wanne."

"Na zile za jikoni kwangu?"

Mahali fulani juu yake chuma kiligusana na chuma.

"Wewe," alisema fundi.

"Mimi. Mikono mitatu ikiandika jambo moja, hilo jambo liko. Mkono mmoja ukiandika mara tatu, Fundi, huyo ni mtu mmoja anaogopa. Zile ni kadi moja. Ni mimi, nina miaka kumi na miwili, nimesimama dukani kwa jirani." Alikuwa analia sasa na hakujali. "Na nyuma ulisoma?"

"Nyuma zilikuwa tupu."

"Kwa sababu sikuwa nimefika nyuma! Saa ilikuwa bado haijalia. Uliingia kikao kikiwa katikati, ukafunga bomba, ukatoa uamuzi, ukaondoka. Hata Bosi hajawahi kunifanyia hivyo."

Mzee Jenereta alisikika akicheka mpaka akakohoa.

"Sasa nyuma kuna nini?" fundi aliuliza.

Akazitoa kadi, akaziinua kwenye mwanga ule mwekundu. "Hii inasema nilimkatalia, nikajuta. Nyuma: nisimkatalie. Hii inasema nikawa namfokea akichelewa. Nyuma: nimwambie naogopa, badala ya kufoka. Na hii, alichoka na woga wangu. Nyuma nimeandika nitapanda lifti yake."

"Ndiyo maana uko humo?"

"Ndiyo maana niko humu! Na imekwama!"

Kicheko cha fundi kilijaa chumba kile kidogo, kikakatika ghafla, na ilipopita sekunde moja Dakika Tano akajua kuwa naye analia. "Na zile tatu?"

"Bado tupu. Sikuweza kuziandika. Nyuma ya hizo uandike wewe."

Fundi alisema, kwa sauti ya kazini: "Sasa naachia breki kidogo. Utahisi inasogea. Ni mimi ninayeisogeza."

Ikasogea, upana wa kidole, ikasimama. Ikasogea tena. Kila iliposhika, alihema. Hakujua ilichukua muda gani.

"Uko usawa wa saba," kipaza sauti kilisema. "Sasa lazima niweke simu chini, nije kukufungulia. Ngazi ya chuma na ghorofa mbili. Usiogope nikinyamaza."

"Fundi, usikimbie kwenye ngazi ya chuma."

"Sitakimbia."

"Shika kwa mikono miwili!"

Lakini alikuwa ameshaondoka. Hii ndiyo ilikuwa hofu yenyewe, ile ya miaka yote, sasa imemkuta kwenye sanduku lisilo na dirisha: mtu anayempenda yuko juu, anashuka, na yeye hana la kufanya ila kungoja. Alihesabu. Alifika arobaini. Kule juu kitu kizito kikagonga chuma, mlio ukasafiri chini ya shimo lote la lifti, kisha pakawa kimya. Aliacha kuhesabu. Aliweka viganja vyote viwili kwenye mlango, ingawa alikatazwa, na akalitaja jina la Mungu na la fundi kwa pamoja.

Nyayo. Ufunguo ukikwaruza. Na sauti, upande wa pili wa mlango, inahema.

"Dakika Tano."

"Niko hapa."

"Nimeshuka."

Alikaa chini tena. Mlango ukafunguka kwa kuvutwa, na mwanga wa madirisha ya ghorofa ya saba ukamwagika ndani. Fundi alikuwa amepiga magoti, ovaroli imelowa jasho, kifundo cha mkono kimechubuka. Hata wakati ule, kwa mazoea, aliweka kiganja pale sakafu mbili zilipokutana.

"Sawasawa," alisema. Ndipo alipomvuta, wakakaa pale pale kizingitini wakikumbatiana kama watu waliopotezana mwaka mzima.

"Mlio ule ulikuwa nini?" alimuuliza begani.

"Mfuniko wa chumba cha mashine. Umeniponyoka." Alichukua kadi tatu kutoka mkononi mwake, akapapasa kalamu, akakuta bisibisi, akacheka, akaazima kalamu yake nene. Akaziunganisha pamoja kama kadi moja na kuandika nyuma neno moja, lile alilolisema nyuma ya mlango: NIMESHUKA. "Kila siku. Kabla sijanawa mikono, kabla sijamsalimu mtu. Utalisikia kwangu."

"Na siku nisipolisikia?"

Fundi alisema ngoja kwanza. "Siku hiyo siijui," alikiri. "Naiogopa kama wewe."

Jibu hilo likamtuliza kuliko kiapo chochote. Nyuma yao mlango wa chumba cha kikao ulikuwa wazi, na vichwa vya wanakikao vilikuwa vimechomoza, na juu ya vyote kile cha Bosi, tai pembeni.

"Basi kikao kimefungwa?" fundi alinong'ona.

"Bado. Bosi hajazungumza."

"Yule pale? Mwite aseme."

"Si yule." Dakika Tano alijipangusa macho kwa ukingo wa kiganja, akakalisha gauni lake vizuri magotini, kama afanyavyo kabla ya kufunga vikao vyote. "Bosi wa hiki ni mimi. Na nasema ndiyo."